Neno Moja Lilipofika Kalamba

Njooni, njooni mketi hapa kivulini. Wewe mdogo, sogea kidogo, mpe dada yako nafasi. Leo tuna swali zuri, na swali lenyewe si langu. Ni la mpwa wangu aliye Gredi ya Tano.

Alipewa sentensi ya Kiingereza aitafsiri kwa Kiswahili. Sentensi ilisema kwamba Kalamba kuna fruit processing plant. Mpwa wangu akafungua kamusi yake ndogo. Akatafuta fruit, akapata tunda. Akatafuta plant, akapata mmea. Basi akaandika kwa mwandiko safi: "Kalamba kuna mmea wa kusindika matunda."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Alifika nyumbani, akaweka mkoba chini, akaniuliza, "Mjomba, mimi nimekiona kile. Kina ukuta. Kina geti. Kina mashine ndani. Mbona Waingereza wanakiita mmea?"

Nilimpa mkono papo hapo. Hongera, mwanangu! Wako watafsiri wazima, wenye mvi na miwani, ambao kila asubuhi huketi mezani wakijiuliza swali kama hilo hilo, na wanalipwa mshahara kwa kuliuliza. Wewe umeliuliza bure, tena kabla ya kunywa chai.

Kwanza tuwaeleze watoto wasiowahi kufika kwetu. Kalamba iko Kaunti ya Makueni, upande wa Nzaui. Ni nchi ya jua kali na mvua ya kuhesabu, lakini miembe na michungwa inaipenda. Maembe yakianza kuiva mwisho wa mwaka, yanaiva yote kwa pamoja. Na embe halina subira. Leo liko mtini, kesho liko chini, keshokutwa limeoza na nzi wanaimba juu yake. Zamani mkulima aliweza kuuza embe zuri kwa bei ya kusikitisha, kwa sababu mnunuzi alijua kwamba embe haliwezi kungoja. Ndiyo maana serikali ya kaunti ilijenga kiwanda pale Kalamba, kikafunguliwa mwaka 2017. Maembe yanaoshwa. Yanachambuliwa. Maganda na kokwa vinatolewa. Nyama ya embe inapondwa hadi inakuwa laini, nzito, ya manjano, kisha inapashwa moto ili vijidudu vife, halafu inafungwa vizuri isiingiwe na hewa. Hapo sasa embe linaweza kungoja. Linaweza kungoja miezi, hadi mtu wa juisi alihitaji.

"Je, hicho ni mmea?" niliwauliza watoto waliokuwa wamekusanyika.

"Hapana!"

"Kinachipua majani?"

"Hapana!"

"Kina mizizi?"

Wakanyamaza. Kisha yule mdogo kabisa akasema, "Mjomba, kina msingi. Umeingia chini ardhini."

Likumbukeni jibu hilo la mdogo wenu. Tutalirudia. Sasa ni zamu ya hadithi.

Paukwa!

Pakawa!

Siku moja, neno plant lilifunga safari kutoka Uingereza. Lilishuka Emali, pale kwenye barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, likatafuta boda ya kuliingiza ndani mpaka Kalamba. Lilifika sokoni likiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Lilikuwa geni. Halikumjua mtu. Likasimama katikati ya soko likapiga hodi.

"Hodi jamani! Mimi plant. Nyumbani kwangu ni wapi?"

Mama muuza miche alikuwa wa kwanza kusikia. "Karibu, karibu! Plant? Wewe ni wa hapa kwangu. Wewe ni mmea. Keti hapa kando ya miche ya michungwa." Kabla mgeni hajajibu, mama akachukua debe lenye matundu akammwagilia maji kichwani. Mgeni akalowa.

Mkulima akapita na jembe begani. "Mama, usininyang'anye mgeni wangu. Plant ni kazi. Plant ni kupanda. Mvua ya mwezi wa kumi inakaribia na shamba liko tayari. Shika jembe, twende." Akamvuta mgeni mkono wa kulia.

Akaja kijana aliyevaa gambuti na kofia nyeupe. "Ninyi nyote mnakosea. Huyu ni wetu. Plant ni kiwanda. Maembe yamejaa pale getini na mashine imewashwa." Akamvuta mgeni mkono wa kushoto.

Akaja na mzee mmoja mpenda kesi za kortini. "Ngojeni kwanza! Mimi kortini nilisikia wakili akilitaja jina hilo hilo. Alisema ule ushahidi ulipandikizwa, yaani mtu alikwenda akauweka pale usiku ili kumsingizia mwenzake. Mgeni huyu ni pandikizi. Mchungeni!"

Ikawa zogo. Huyu anavuta huku, yule anavuta kule. Mgeni analia, "Nitachanika!"

Kando ya soko palikuwa na mwembe mzee. Mwembe ule ulikuwa umeona wageni wengi. Ulikohoa kidogo, maembe mawili yakaanguka, watu wakanyamaza.

"Mwacheni mgeni," mwembe ukasema. "Mnamvuta tu, hakuna aliyemuuliza swali. Ngoja mimi nimuulize. Mgeni, umekuja na nani?"

Neno plant likageuka nyuma. "Nilikuwa na wenzangu wawili. Boda yao ilipata pancha."

Mara boda ya pili ikafika. Wakashuka wawili. Wa kwanza akasema, "Mimi fruit." Wa pili akasema, "Mimi processing. Tunafuatana na ndugu yetu plant."

Watu wote wakasema, "Aaa!"

Mama muuza miche akaweka debe chini. "Basi leo si wangu. Anayetembea na kusindika matunda ni wa kiwandani." Kijana wa gambuti akamchukua mgeni wake, wakaenda zao.

Lakini wiki iliyofuata neno lile lile likarudi. Safari hii lilitanguliwa na mwenzake aliyesema water this. Mwembe ukauliza, "Umekuja na nani?" Aliposikia jibu, mama muuza miche akapiga vigelegele. Wa kumwagiliwa maji ni mmea, na mmea ni wake!

Mvua ilipokaribia kabisa, neno likarudi tena. Mbele yake lilikuwa na we will. Nyuma yake lilikuwa na mango trees. Mwembe ukauliza, "Umekuja na nani?" Mkulima hakungoja jibu limalizike. Alishaona kwamba aliye mbele ni mtendaji na walio nyuma ni miembe, kwa hivyo aliye katikati ni kazi yenyewe. Tutapanda miembe! Akampa mgeni jembe.

Mpwa wangu akanikatiza. "Mjomba, kumbe mgeni ni yule yule?"

"Ni yule yule."

"Na nyumba ni tofauti?"

"Tofauti kabisa."

"Na kamusi yangu ilinidanganya?"

La, mwanangu, kamusi haikudanganya. Kamusi ndogo ina nafasi ndogo. Ilikuonyesha nyumba ya kwanza tu. Chukua kamusi kubwa utazikuta nyumba zote zimepangwa kwa nambari. Lakini hata kamusi kubwa haitakuambia mgeni analala ipi usiku wa leo. Hilo ni lako. Utamuuliza mwenyewe: umekuja na nani?

Sasa turudi kwa mdogo wetu aliyesema kiwanda kina msingi. Unajua umegusa nini, mwanangu? Umegusa historia ya neno lenyewe.

Zamani sana Warumi walizungumza Kilatini. Kwa Kilatini, planta lilikuwa chipukizi, kile kitawi unachokata ukakichomeka ardhini kishike mizizi. Neno hilo hilo planta lilikuwa pia na maana ya unyayo. Wako wanaosema maana hizo mbili zilikutana shambani, kwa sababu mpanzi akishachomeka chipukizi, hushindilia udongo kwa unyayo. Nenda umtazame baba yako mwezi wa kumi akimaliza kuweka mche shimoni. Atakanyaga huku, atakanyaga huku, taratibu, mche usimame wima.

Waingereza walilichukua neno hilo. Karne nyingi lilikaa nao likizungumzia mimea na kupanda. Kisha katika karne ya 18 wakaanza kuunda mashine kubwa kubwa, zile ambazo huwezi kuzibeba kichwani. Lazima uzichimbie, uzifunge chini kwa vyuma, uzijengee ukuta. Wakaona kwamba mashine hizo zimepandwa ardhini. Wakaziita kwa neno lile lile. Ndipo kiwanda kikaitwa plant.

Watoto wakasema, "Kumbe!"

Kumbe ndiyo. Kwa hivyo mdogo wetu alipoutazama msingi wa kiwanda, aliona jambo lile lile waliloliona Waingereza wale. Mpigieni makofi.

Kiswahili kilitazama jambo jingine. Mmea umetoka kwenye kumea. Ni kitu kinachomea chenyewe, kinachotoka ardhini kikipanda kuelekea jua. Kiwanda hakimei. Ukikijenga futi kumi leo, mwaka ujao kitakuwa futi kumi. Kwa hivyo Kiswahili kikakataa kuviita kwa jina moja.

Na Wanorwe je? Norwe ni nchi ya mbali, kaskazini kabisa mwa Ulaya, ambako baridi inagandisha maziwa na mito. Wanazungumza Kinorwe. Wao mmea wanauita plante. Kupanda pia wanasema plante. Mpaka hapo wanakwenda sambamba na Waingereza. Lakini wakifika kwenye kiwanda wanaachana nao. Kiwanda ni fabrikk, au anlegg. Kituo cha kuzalisha umeme, ambacho kwa Kiingereza nacho ni plant, wao hukiita kraftverk. Unaona? Mtoto wa mji wao wa Oslo akipewa ile sentensi ya Kalamba aitafsiri kwa lugha yake, naye akiwa na haraka ataandika plante. Wenzake watamcheka vilevile. Wewe na yeye mngejikwaa mahali pamoja, na hamjawahi kuonana.

Mpwa wangu alifurahi sana kusikia hivyo. Kisha akakunja uso. "Kiingereza kina fujo, Mjomba. Kiswahili ni bora. Kila kitu kina neno lake."

Ahaa! Nikamwambia, haya, sikiliza sentensi hii. Ni ya Kiswahili safi, ina maneno mawili tu.

Nimepanda mwembe.

"Nimefanya nini?" nikawauliza.

Mmoja akasema, "Umechimba shimo ukaweka mche." Mwingine akasema, "Hapana, umeparamia juu kutafuta embe." Wakatazamana. Wakaanza kubishana. Nikawaacha wabishane kidogo, kwa sababu ubishi wa namna hiyo unanoga, kisha nikawaambia: wote wawili mmepata.

Kiswahili nacho kina wageni wasio na nyumba moja. Shuleni mwalimu huwaita vitawe, yaani maneno yenye maana zaidi ya moja. Panda ni mmoja wao, tena ni mkubwa wao. Unapanda mbegu. Unapanda mti, juu kabisa kwenye matawi. Unapanda basi la kwenda mjini Wote. Bei ya unga inapanda. Tawi lililogawanyika ni panda, ile unayotengenezea manati, na njia zikigawanyika pale ni njia panda. Baragumu nalo huitwa panda. Fungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu utaikuta panda imeandikwa mara kadhaa, kila moja na nambari yake kichwani.

Sasa mpeni sentensi hiyo mtu wa Norwe. Mwambie, bwana, tafadhali tafsiri "nimepanda mwembe." Atatafuta kalamu, atatafuta chai, atajikuna kichwa. Kwa sababu lugha yake haimruhusu kusema maneno hayo kabla hajachagua. Kama ulichimba shimo, ataandika plante. Kama uliparamia, ataandika klatre. Hana neno la kukaa katikati. Na hajamaliza. Ukimwambia "nimepanda mahindi," atauliza: ulipanda mche, au ulitupia mbegu? Kwetu vyote ni kupanda. Kwao, kutia mbegu ardhini ni så. Hiyo a ina kiduara kichwani, na inatamkwa karibu na o. Msiishangae. Sisi Wakamba tuna ĩ na ũ zenye kiwimbi kichwani, na hakuna aliyekufa. Bei ikipanda, Mnorwe atakuwa na neno jingine tena, stige.

Hesabuni. Panda moja ya Kiswahili, nyumba nne za Kinorwe. Plante, klatre, så, stige. Mkiona mtafsiri anachelewa kumaliza kazi, msimwite mvivu. Anatembea kutoka mlango hadi mlango akiuliza.

Na jambo hili si la kubuni. Panda yetu imewahi kufika Oslo kweli. Mnamjua Profesa Wangari Maathai, yule wa Nyeri. Mwaka 1977, tarehe 5 Juni, siku ya mazingira duniani, yeye na wenzake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Hapo ndipo vuguvugu la Green Belt lilipoanza. Akina mama wa vijijini wakaotesha miche, wakaipanda, wakaotesha mingine. Baadaye chama cha misitu cha Norwe kikaja kushirikiana nao. Mwaka 2004 Wangari akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Tuzo hiyo hutolewa mjini Oslo tarehe 10 Desemba, na huko ndiko alikokwenda kuipokea.

Sasa fikirini sentensi ya Kiswahili isemayo, "Wangari alipanda miti." Fikirini mtafsiri asiyeuliza.

"Ataandika aliparamia!" watoto wakapiga kelele. Wakacheka mpaka mmoja akaanguka ubavu. Profesa mzima na kitenge chake, juu ya mti, na Wanorwe wanampa tuzo kwa kuparamia!

Haikuwa hivyo, na haiwezi kuwa hivyo kwa mtafsiri anayeuliza. Maana neno lile halikwenda peke yake. Lilikwenda na miche. Lilikwenda na mashimo, na mbolea, na akina mama wenye majembe. Mwenye masikio akisikia wenzake hao, hana shaka tena. Umekuja na nani? Nimekuja na miche. Basi karibu nyumba ya plante.

Tena Kinorwe nacho kina vitawe vyake. Mti kwao ni tre. Tatu nayo ni tre. Ukitaka kusema miti mitatu unasema tre trær. Mpwa wangu alilirudia hilo jioni nzima akizunguka jikoni, tre trær, tre trær, mpaka mama yake akauliza kama mtoto anaumwa.

Mpwa wangu, yule mwenye kuuliza sana, akarudi. "Sasa Mjomba, Kiswahili hakina njia ya kutusaidia? Lazima tutafute wenzake kila mara?"

Kinayo, tena nzuri. Inaitwa ngeli. Sikilizeni: nyanya yuko sokoni. Ni nani huyo?

"Ni mama yake mama!"

Na hii: nyanya ziko sokoni?

"Ni za kupikia!"

Mmejuaje? Neno ni lile lile, halijabadilika hata herufi moja. Mmejua kwa yu na zi. Vipande vidogo hivyo ni wenzake pia, tena ni wenzake wa karibu sana, wamemshika mkono. Mtu wa kigeni anayejifunza Kiswahili hulalamika kwamba ngeli ni nyingi. Mimi nazipenda. Zinamtofautisha nyanya wangu na nyanya za mchuzi, na hilo si jambo dogo.

Lakini panda ya kupanda mbegu na panda ya kuparamia hazina msaada huo. Zote ni vitenzi, zote zinasema nimepanda, umepanda, amepanda. Hapo Kiswahili kinakuacha. Na hapo, watoto wangu wa Ukambani, ndipo mlipo na bahati ambayo mtoto wa Nairobi huenda hana. Kwa Kikamba, kupanda mti shambani ni nini?

"Kũvanda!"

Na kupanda mti kutafuta embe?

"Kũlĩsa!"

Mnasikia? Maneno mawili, mbalimbali kabisa. Hakuna anayeweza kuyachanganya. Kile ambacho Kiswahili kimekificha, Kikamba kimekianika. Mkamba akiwa na "nimepanda mwembe" mbele yake, atauliza mara moja, ni kũvanda au ni kũlĩsa? Hilo ndilo swali lile lile la Mnorwe, ni plante au ni klatre? Mtoto anayejua Kikamba tayari ana masikio ya kulisikia tatizo kabla halijamwangusha.

Kwa hivyo nasema wazi, na wazazi wanisikie. Zamani, katika shule nyingi za Kenya, mtoto aliyenaswa akizungumza lugha ya nyumbani alivishwa kibao shingoni, akakivaa mpaka anase mwenzake amvishe. Waliofanya hivyo walidhani wanamsaidia mtoto. Walimnyang'anya. Mtafsiri mwenye lugha tatu kichwani ana mahali patatu pa kusimama akilitazama neno. Mpunguzie moja, umempunguzia mahali pa kusimama.

Na msimruhusu mtu yeyote kuwaambia kwamba Kikamba ni lugha ya kuchungia mbuzi tu, haiwezi kuandikwa wala kutafsiriwa. Mwaka 1849 mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, alifika Kitui kwa Kivoi, yule mfanyabiashara mkubwa wa Wakamba. Huko ndiko alikouona Mlima Kenya kwa mbali. Mwaka uliofuata, 1850, alichapisha Injili ya Marko kwa Kikamba. Hiyo ni zaidi ya miaka 170 iliyopita. Na ndani ya Marko, mlango wa nne, kuna nani? Kuna mpanzi aliyetoka kwenda kupanda. Mbegu nyingine zikaanguka kando ya njia, nyingine penye miamba. Mnaona alichokuja nacho mpanzi huyo? Amekuja na mbegu. Mnorwe hatamtia nyumba ya plante. Atamtia nyumba ya så, na mpanzi mwenyewe atamwita såmann.

Mpwa wangu alichukua kalamu akaifuta ile sentensi yake. Akaandika upya: "Kalamba kuna kiwanda cha kusindika matunda." Akaitazama. Akaniuliza, "Mjomba, nikiandika kiwanda, si nimepoteza ile picha ya kitu kilichopandwa ardhini?"

Umeipoteza, ndiyo. Kila tafsiri huacha kitu kidogo nyuma, na mtafsiri mzuri hukiona kile alichokiacha. Lakini msomaji wa Kalamba anataka kujua apeleke wapi maembe yake. Mwambie kiwanda. Atafika.

Sasa nawaachia kazi, na nitaikagua. Kila mmoja achukue daftari. Andika vitawe vitano vya Kiswahili. Nimewapa panda na nyanya, kwa hivyo hivyo havihesabiki. Anza na chungu, kaa, paa, mbuzi, kisha utafute kimoja chako mwenyewe. Halafu usiende kwenye kamusi kwanza. Nenda kwa nyanya yako. Mwulize kila maana inaitwaje kwa Kikamba, na mwombe akupe sentensi nzima, si neno tupu, ili uone neno limekuja na nani. Andika vile anavyosema, na viwimbi vyote juu ya ĩ na ũ. Ukikuta mahali ambapo Kikamba nacho kina neno moja kwa mambo mawili, weka alama ya nyota, uje nayo mbio, maana hapo nataka tukae mimi na wewe tulichunguze pamoja.